Kazi iko kwenye foleni, nyuzi zote zimelala, nikishika kwa strace zinaamka. Nani amepoteza mwamsho?

#1 mlinzi_wa_seva

Wadau, habari za jioni.

Programu ni ya C++. Ina nyuzi (threads) 16 za wafanyakazi na foleni moja ya kazi yenye kufuli moja na pthread_cond moja, ambapo nyuzi husubiri na kuamshwa. Anayeleta kazi anaiweka kwenye foleni, kisha anaita pthread_cond_signal. Mchana hakuna shida. Usiku shughuli zikipungua, mara mojamoja unakuta kazi moja imekaa kwenye foleni na nyuzi zote 16 zimelala usingizi wa pono. ps inaonyesha S (amelala), wchan, yaani fanksheni ya kerneli ambamo uzi umelala, inasema futex_wait_queue_me, na prosesa haifanyi lolote. Nikiushika mchakato kwa strace -f -p, chombo cha kutazama miito ya mfumo, uzi mmoja unaamka, unaichukua kazi, na mambo yanaendelea.

Naomba mnieleze kerneli inalazaje uzi na kuuamshaje, na katika safari hiyo mwamsho unaweza kupotelea wapi.

#2 kaka_wa_Rongai

Hiyo ni tiki, mkuu. Kerneli hupitia nyuzi zilizolala kila tiki ya saa ikiangalia kama sharti la kila mmoja limetimia. HZ, yaani idadi ya tiki kwa sekunde, ikiwa 100 ni kila milisekunde 10. Seva ikikosa shughuli, tiki husimamishwa ili kuokoa umeme, ndiyo maana unaliona usiku tu.

#3 nyuzi_na_sindano

#2 hapana, na ni muhimu tulinyooshe mapema kabla mjadala haujaenda mbali.

Kerneli haichungulii mtu aliyelala. Uzi ukilala unaondolewa kabisa kwenye foleni ya zamu ya prosesa, kwa hiyo mpanga zamu hauoni tena. Hata ukiwa na nyuzi 10,000 zilizolala, hazigharimu prosesa chochote. Zinachukua memori tu: rafu ya kerneli, ambayo kwa x86-64 ni kilobaiti 16 kwa kila uzi, pamoja na muundo wa task_struct. Uzi unabaki umeandikwa mahali pamoja tu, kwenye foleni ya kusubiri ya kile kitu unachokingoja. Anayekitimiza ndiye mwenye jukumu la kupita kwenye foleni hiyo na kuamsha. Asipopita, utalala hadi seva izimwe.

Saa inahusika pale tu ulipoweka muda wa mwisho. Kusubiri futex (neno la memori ambalo nyuzi hulilalia hadi ziamshwe, ndilo lililo chini ya pthread_cond) bila muda hakuna saa yoyote nyuma yake.

Jambo la pili linalochanganya wengi: kuamsha si kuendesha. try_to_wake_up hubadilisha hali ya uzi kuwa TASK_RUNNING, huuchagulia prosesa na kuuweka kwenye foleni ya zamu. Basi. Kama prosesa iliyochaguliwa imelala, huenda ikatumiwa intarapti ya kuishtua. Uzi wenyewe utaendeshwa zamu yake ikifika.

#4 DadaWaBash

Kwa hiyo ni kama abiria wa matatu ya Rongai anayemwambia makanga, "nikilala niamshe Bomas"?

#5 nyuzi_na_sindano

Karibu sana, dada, ila makanga huyu hajui nani anashuka wapi. Anapiga bodi, anasema "Bomas", na anayeamka lazima achungulie dirishani mwenyewe kabla ya kushuka. Ndiyo maana pthread_cond_wait huwekwa ndani ya while, kamwe si if. Ukiamka, sharti huenda limeshachukuliwa na mwingine aliyefika mbele yako, na kiwango cha POSIX kinaruhusu pia kuamka bila sababu.

#6 fundi_chini_ya_boneti

Mfano wa #4 unaacha tatizo lenyewe. Ni lini abiria anamwambia makanga: kabla ya kusinzia au baada? Hapo ndipo mwamsho unapotea. Tazama mpangilio wa mtu anayeandika draiva mara ya kwanza:

angalia sharti
halijatimia
jiweke kwenye foleni ya kusubiri, badilisha hali kuwa TASK_INTERRUPTIBLE
ita schedule

Kati ya mstari wa pili na wa tatu, prosesa nyingine inapokea intarapti ya kadi ya mtandao, inatimiza sharti, inaita wake_up. wake_up inapita kwenye foleni, haikuti mtu, inaondoka. Sasa wewe unajiandika na kulala. Aliyepaswa kukuamsha ameshapita na hana sababu ya kurudi.

Linux inageuza mpangilio:

prepare_to_wait, yaani jiweke kwenye foleni na ubadilishe hali kwanza
angalia sharti
kama halijatimia, ita schedule
ukirudi, rudia, ukimaliza, finish_wait

Mwamsho ukiingia katikati, wake_up inakukuta kwenye foleni na kuirudisha hali yako kuwa TASK_RUNNING. Ukifika kwenye schedule, mpanga zamu anakuta hali ni ya kuendeshwa, hakuondoi kwenye zamu. Unarudi juu, unakuta sharti limetimia.

Kuna sehemu moja ndogo ambayo macho hupita bila kuiona. Kuandika hali na kusoma sharti ni memori mbili tofauti, na prosesa ya x86 ina ruhusa ya kuuchelewesha uandishi kwenye bafa yake huku usomaji unaofuata ukitangulia. Mpangilio wako ukiwa sahihi kwenye karatasi, kwenye chuma unaweza kugeuka. Kwa hiyo set_current_state ina kizuizi kamili cha memori ndani yake, na upande wa anayeamsha kuna kizuizi chake. Vinafanya kazi wawili wawili. Ukiondoa kimoja, cha pili hakina maana.

#7 mzee_wa_V6

Vijana, mmeanzia katikati. Unix toleo la sita, 1975, lilikuwa na fanksheni mbili tu, sleep na wakeup. Unalala juu ya anwani yoyote ya memori, ambayo ni jina tu la tukio. wakeup ilipita jedwali zima la michakato, nafasi 50, ikiamsha kila aliyelalia anwani hiyo. Mashine ilikuwa na prosesa moja na kerneli haikunyang'anywa zamu ikiwa kazini, kwa hiyo ilitosha kuzuia intarapti kwa muda mfupi kati ya kuangalia sharti na kulala. Prosesa zilipoongezeka ndipo ule ufa ukafunguka. Linux nayo ilikuwa na sleep_on yenye ufa huohuo. Ilikaa humo miaka mingi, ikafutwa 2014.

#8 fundi_chini_ya_boneti

Shikamoo mzee. Ni kweli, na xv6 inayofundishiwa vyuoni bado ina sleep na wakeup, ila sleep hupokea na kufuli: hulishika kufuli la mchakato kwanza, ndipo huliachia lile la sharti. Dawa ni ileile, umbo tofauti.

#9 DadaWaBash

Asanteni. Turudi kwa #1. futex_wait_queue_me ni jina la zamani, kwenye 5.16 fanksheni hiyo ilipewa jina la futex_wait_queue. Uko kerneli gani, na prosesa gani?

#10 mlinzi_wa_seva

Umenishika. Hiyo niliyonakili ni ya mashine ya kwanza: CentOS 6.6, kerneli 2.6.32-504, Xeon E5 v3. Ya pili ni Debian 12, kerneli 6.1. Programu ni ileile na tatizo limeonekana kwenye zote mbili. Ya kwanza huamka kila nikishika kwa strace. Ya pili kuna siku inaamka, kuna siku inagoma.

#11 KernPanik

Kesi imekwisha. Xeon E5 v3 ni Haswell (kizazi cha prosesa za Intel), na kerneli hiyo ya CentOS 6.6 ina hitilafu maarufu ya futex.

Mwanzoni mwa 2014, kwenye 3.14, futex iliharakishwa: anayeamsha anachungulia kwanza kama kikapu cha heshi (orodha ya waliolalia futex) kina wasubiri, na kama hakina anaondoka bila kushika kufuli. Mbinu hiyo inahitaji kizuizi cha memori kati ya kubadilisha neno na kuchungulia kikapu. Kwa futex za faragha, zile za nyuzi za mchakato mmoja, kizuizi hicho kilisahaulika, kwa sababu switch haikuwa na tawi la default. Marekebisho yaliingia 3.18 mwishoni mwa 2014, lakini Red Hat walikuwa wameshahamishia uharakishaji ule kwenye 2.6.32 ya toleo la 6.6 bila kizuizi. Mwezi Mei 2015 ndipo watu wa Java walipopiga kelele: michakato inaganda bila sababu, ukiigusa kwa strace inafufuka. Dalili ni zako neno kwa neno. Sasisha kerneli.

#12 nyuzi_na_sindano

KernPanik, hitilafu hiyo naikubali kwa mashine ya kwanza. Ya pili je? 6.1 ina kizuizi hicho tangu zamani. Maelezo yanayofaa nusu ya ushahidi hayajafunga kesi.

Nieleze kwanza kwa nini strace inaamsha, maana hilo linatusaidia kuchuja. Kushika mchakato hukatiza futex_wait. Uzi ukiachiwa, mwito wa mfumo unarudiwa wenyewe, na kurudiwa ni kusoma neno upya: kama thamani yake si ile uliyotarajia, kerneli inarudisha EAGAIN badala ya kukulaza. Kwa hiyo ukiamka kwa strace, neno lilikuwa limeshabadilika na ni mwamsho tu uliopotea, chini, kwenye kerneli. Usipoamka, neno halikubadilika, na kosa liko juu, kwenye maktaba au programu.

#13 kutu_kidogo

Kanuni ya #12 ni ya glibc, maktaba ya C yenye pthread, ambayo ikikatizwa huzunguka ndani na kulala tena bila kumwambia mtu. Haifai kila mahali. Rust tangu 1.62 hutumia futex moja kwa moja kwenye Linux, na kuamka bila sababu kunaweza kufika hadi kwenye while ya programu yako. Sharti likikaguliwa hapo, strace itaficha hata kosa la programu.

#14 nyuzi_na_sindano

Sahihi, nakubali. Kwa pthread ya #1 bado inasimama.

#15 kaka_wa_Rongai

Nimekubali kosa langu la tiki. Sasa naona hili: anaita pthread_cond_signal bila kushika kufuli. Hapo ndipo mwamsho unapotea.

#16 DadaWaBash

Kaka, kuita signal baada ya kuachia kufuli ni halali. Kisicho halali ni kubadilisha sharti bila kufuli. Mfanyakazi akiwa ameshika kufuli, ameona foleni tupu, na wewe ukaongeza kazi na kuita signal kabla hajafika kwenye wait, signal haimkuti mtu. pthread_cond haina kumbukumbu, haiweki akiba ya mwamsho. Semafo ndiyo inayoweka. #1, sharti lako unalibadilisha wapi?

#17 mlinzi_wa_seva

Ndani ya kufuli, mistari minne, nimeikagua. Ila kuna kitu sikukitaja. Kuna uzi wa 17, wa takwimu. Unasubiri pthread_cond hiyohiyo kwa timedwait, sekunde 30. Unaamka, unaandika takwimu, unalala tena.

#18 DadaWaBash

Na hapo ulipotaka kututupa! pthread_cond_signal huahidi kuamsha angalau mmoja wa wanaosubiri, haiahidi ni yupi. Ikimwangukia wa takwimu, anatazama saa yake, anaona bado, anarudi kulala. Mwamsho umeliwa. Wafanyakazi 16 hawajaguswa. Mchana huoni kwa sababu kazi inayofuata inakuja na signal yake na kuibeba iliyotangulia, kwa hiyo huenda linatokea mara nyingi kwa siku. Usiku kazi inayofuata haiji.

Tiba: pthread_cond yake mwenyewe kwa uzi wa takwimu. pthread_cond_broadcast, inayoamsha wote, nayo itaficha tatizo, lakini utaamsha nyuzi 17 kwa kazi moja, 16 zigombanie kufuli na kurudi kulala.

#19 KernPanik

Nadharia nzuri, dada, lakini haielezi strace. Kwa kanuni ya #12, mwamsho ukiliwa na wa takwimu, wafanyakazi wasiamke hata ukishika mara mia. Mashine ya kwanza inaamka kila mara.

#20 mama_wa_rafu

Inawezekana si strace inayoiamsha. Kuandika amri na nywila kunachukua sekunde 10 au 20, na katika muda huo kazi mpya huenda imeingia na signal yake. #1 hesabu: ukishika, ni kazi moja iliyotoka au mbili?

Tena msilisahau dirisha la glibc. Algoritimu ya pthread_cond iliandikwa upya kwenye 2.25, mwaka 2017. Inagawa wanaosubiri makundi mawili, la zamani na jipya. 2020 iliripotiwa hitilafu namba 25847: uzi wa kundi la zamani huweza kuiba signal ya kundi jipya, na katika kujaribu kuirudisha, signal inayofuata inaelekea kwenye kundi lisilo na mtu. Ilibaki wazi miaka kadhaa. Debian 12 ina 2.36, imo ndani. CentOS 6 ina 2.12, haimo.

#21 KernPanik

Basi tuna hitilafu mbili tofauti kwenye mashine mbili.

#22 DadaWaBash

Au moja ya programu kwenye zote mbili, ambayo haihitaji bahati mbaya mara mbili.

#23 fundi_chini_ya_boneti

Badala ya kubishana, pimeni bila kuugusa mchakato. Usitumie strace wala gdb, vyote vinaukatiza.

Kwanza: cat /proc/PID/task/TID/syscall, kwa kila uzi (PID ni namba ya mchakato, TID ya uzi). Namba ya kwanza ni ya mwito wa mfumo, kwa x86-64 futex ni 202. Inayofuata ni anwani ya neno, kisha aina ya operesheni, kisha thamani uliyotarajia. Operesheni ya 0x80 ni WAIT ya faragha. 0x189 ni WAIT_BITSET ya faragha yenye saa halisi, ndiyo utakayoiona mara nyingi kwa pthread_cond.

Pili: soma neno lenyewe lilivyo sasa. Neno la futex ni baiti 4 na anwani yake hugawanyika kwa 4, kwa hiyo:

dd if=/proc/PID/mem bs=4 count=1 skip=$((ANWANI/4)) | od -An -tu4

Fanya kama root. Linganisha na ile thamani iliyotarajiwa. Zikitofautiana na uzi bado umelala, soma mara ya pili baada ya sekunde moja ili usihukumu katikati ya tukio. Zikiendelea kutofautiana, mwamsho umepotea kwenye kerneli. Zikiwa sawa, kerneli haina kosa. Kwa glibc 2.36 uzi hutarajia 0, kwa hiyo 0 na 0 maana yake kundi lako halijapewa signal.

#24 mzee_wa_V6

Nyongeza: kwenye 2.6.32 hatua ya pili itakataa. Kerneli za wakati huo hazikuruhusu kusoma /proc/PID/mem ya mwingine bila kumshika kwa ptrace, njia ileile ya strace na gdb. Kwa hiyo jaribio hili litafaa Debian tu. Kwenye CentOS, akiweka kerneli ya sasisho za baadaye za 6.6 na tatizo lisipoonekana kwa wiki kadhaa, huo ni ushahidi wa upande wa KernPanik, ingawa si kamili.

#25 saa_nane_usiku

Samahani nawatoa nje kidogo. Mimi wastani wa mzigo ni 40, prosesa zimekaa bure, na kill -9 haiui kitu. Ni hitilafu hiihii?

#26 nyuzi_na_sindano

Tofauti. Angalia herufi kwenye ps. #1 ana S, wewe bila shaka una D, TASK_UNINTERRUPTIBLE. Uzi wa S unaamshwa na signali (ya kill, si pthread_cond_signal), wa D hauamshwi na chochote isipokuwa kile unachokingoja, mara nyingi diski au NFS (mafaili ya mtandaoni). Linux huhesabu D ndani ya wastani wa mzigo tangu 1993, kwa hiyo 40 yako ni nyuzi 40 zilizokwama, si kazi 40. Tumia:

ps -eLo pid,tid,stat,wchan:32,comm | awk '$3 ~ /^D/'

kisha echo w > /proc/sysrq-trigger, na dmesg itaonyesha rafu ya kila mmoja. Uzi ukikaa D zaidi ya sekunde 120, kerneli huandika yenyewe kwenye dmesg. Zikiwa zote ndani ya nfs, angalia seva ya mafaili, si mashine yako. Tangu 2.6.25 kuna TASK_KILLABLE, hali ya D inayokubali kill -9 pekee, na NFS inaitumia. Kama bado haiui, uzi umekwama mahali pasipotumia hali hiyo.

#27 saa_nane_usiku

Zote 40 ziko nfs, na kebo ya seva ya mafaili imechomoka. Asante sana mkuu.

#28 kaka_wa_Rongai

Aliyekuja mwisho ndiye wa kwanza kuondoka na jibu. #1 bado yuko stejini.

#29 mlinzi_wa_seva

Nimesubiri hadi usiku, Debian imeganda saa saba kasoro. Nyuzi za wafanyakazi zote 202, operesheni 0x189, thamani iliyotarajiwa 0. Nimesoma maneno: 15 ni 0, moja ni 2. Baada ya sekunde moja, 2 bado. Uzi huo bado S.

#30 fundi_chini_ya_boneti

Moja ni 2? Kwenye glibc 2.36 biti ya chini kabisa ni alama ya kundi lililofungwa, hesabu ya signal inaanzia biti inayofuata. Kwa hiyo 2 ni signal moja iliyotolewa, haijachukuliwa. Lakini tahadhari: nyuzi za kundi moja husubiri neno moja. Anwani ya huyo mmoja ni tofauti na ya wale 15?

#31 mlinzi_wa_seva

Tofauti, zimepishana baiti 4.

#32 mama_wa_rafu

Makundi mawili basi, na signal imeandikwa kwenye kundi la mtu mmoja ambaye hakuamshwa. Hiyo haiendi na hadithi ya uzi wa takwimu kuila, maana ingekuwa imeshachukuliwa.

#33 DadaWaBash

Usiharakishe. Uzi wa 17 naye yuko kundi gani? Kama yuko pamoja na huyo mmoja, FUTEX_WAKE ya mtu mmoja huenda ilimwangukia wa takwimu, na mwenzake hajaguswa. #1, soma syscall ya uzi wa 17 kabla hujaanzisha upya, na tuambie anwani yake.

#34 KernPanik

Na toa uname -r kamili. Nataka kuona kama 6.1 hiyo ni ya Debian wenyewe au kuna mtu aliijenga.

#35 mlinzi_wa_seva

uname inasema 6.1.0 ya amd64, ya Debian. Uzi wa 17 nimechelewa kuusoma: kazi mpya iliingia saa saba na dakika kumi, zote mbili zikatoka pamoja. Nimeandika skripti inayosoma nyuzi zote 17 kila sekunde 5 kazi ikikaa kwenye foleni zaidi ya sekunde 3. Inaendesha kuanzia sasa.